Plakete (pedi) ya freni yenye haichafue janti (rimu) sana, STI ya kila siku, niko Lushi (Lubumbashi)

nyeupe_STI

Jambo bakubwa.

Niko na Subaru Impreza WRX STI ya 2008, ile ya milango tano, ilitoka Japani ikashukia Dar ikapanda mpaka huku, volan kuume kama zote za kule. Freni ni Brembo ya kiwanda, pisto ine mbele na mbili nyuma. Si motoka ya kufunika na bashi mu parsele, minaitembeza kila siku: asubui batoto ku masomo, kisha kazi, mara mbili ao tatu ku mwezi nafika Likasi, na kama njia iko wazi nainyorosha kidogo (musimwambie bibi yangu).

Shida ni janti. Nilizipaka nyeupe. Najua, najua, musianze. Siku ya posho nanawisha, siku ya yenga asubui tunaenda ku kanisa janti ya mbele tayari iko nyeusi, na si ile vumbi ya kupuliza inaondoka, inashika kama masizi ya sufuria. Batoto benye kunawisha motoka karibu na kwetu banakamataka elfu tano motoka nzima, sasa ku yangu banaomba elfu mbili ya zaidi juu ya janti tu, na moya aliniambia papa hii si mavumbi hii ni makala (makaa).

Plakete nilizikuta mule, ile mutu wa kwanza huko Japani njo aliweka, maandishi ilifutika, paka rangi ya bluu kidogo inabakia. Asubui ya baridi zinalia kama mbuzi ya kuchinja. Karfuri nzima inageuka.

Nataka plakete yenye haitoshe mavumbi mingi, isilie, lakini isiniue. Sitake niwe nyuma ya kamyo ya makatode (bamba za shaba) ku njia ya Likasi, napika freni, pedali inaniambia ngoja kwanza. Kuko batu banasema EBC Redstuff, bengine Hawk ya seramiki, bengine Brembo yenyewe tu. Munisaidie, franga ya kujaribu zote sina.

Kasumba_bizne

Muko munafanya ngumu bure. Kamata za soko, dola 15, zimeandikwa seramiki pa kartoni, weka, maliza. STI ao Corolla, freni ni freni.

Mekano_Katuba

Mudogo nyeupe_STI, mbele ya kununua kintu chochote unijibu kwanza, juu batu banakimbilia kubadirisha plakete kumbe ugonjwa iko fasi ingine.

Mavumbi iko rangi gani ya kweli? Huku kwetu kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua irudi kila kintu ni nyekundu, hata kuku, ile ni udongo, hakuna plakete ya kuiponyesha. Ya freni ni nyeusi ao kijivu ya giza, ukiisugua inaingia mu mistari ya kidole kama ncha ya kreyo. Ukikosa hakika, funga sumaku mu sashe ya plastiki, pitisha pa ile uchafu ikiwa kavu. Ya freni inaruka inashika pa sashe kama ndevu, juu ndani mule mumejaa chuma.

Na mapine yote ine iko sawasawa? Mbele kuchafuka kuliko nyuma ni kawaida, mbele njo inafanyaka kazi kubwa motoka ikiinamia. Lakini kushoto na kuume ya mbele inapashwa kuwa mapacha. Kama moya iko nyeusi kuliko mwenzake, acha kabisa mambo ya kununua, tafuta etriye (ile inabanaka plakete pa disiki) yenye imekwama.

Ya bluu ya kutoka Japani bila jina, minaogopa ni ya sirkwi (njia ya mashindano). Ile plakete ikiwa baridi haishike, inakwangua, ni kama kusugua disiki na tupa. Inataka moto ya kukimbia kweli kweli njo ianze kufanya kazi muzuri. Weye unaenda kuacha batoto ku masomo, moto utaitosha wapi.

Na weye Kasumba, za dola 15 nilikuwaka mimi pia naziwekea batu. Siku moya kiliyenti akarudi anasema kuko kelele ya chuma. Natosha pine, nakuta ile sehemu ya kusugua imebanduka yote pa bamba, bamba tupu njo ilikuwa inapika disiki. Nikaikamata mu mukono, gundi yake ilikuwa kama ya mushona viatu, hata ile ya viatu iko na nguvu. Alikuwa na mutoto mudogo nyuma mu motoka. Tangu ile siku sizibeke, na kartoni haiseme kitu, kartoni inaandikwaka na mutu yote mwenye iko na mashini ya kuchapa.

Kurasini_Tz

Habari wakuu. Mimi niko Dar, kazi yangu ni kutoa magari bandarini, wateja wangu wengi ni wa huko kwenu, kwa hiyo Kiswahili chenu nakielewa kiasi, ila hapa nimekwama. "Plakete yenye haitoshe mavumbi." Nimesoma mara tatu. Nikadhani jamaa analalamika kwamba vumbi halijamtosha, anataka jingine. Ndiyo nikakumbuka kwenu kutosha ni kutoa hahaha.

Haya, tuje kwenye mada. Mkuu, hizi brek pedi za barabarani usizipange kwa jina la kampuni, zipange kwa kilichomo. Kuna semi-metaliki, hiyo chuma kinaweza kufika nusu ya uzito na kupita, inavumilia joto lakini inachafua na inapiga kelele. Kuna zile zenye chuma kidogo, wazipendazo Wazungu wa Ulaya, ndani wanatia chembe za kukwangua ili zikamate vizuri hata kwenye mwendo mkubwa, na ndizo zinazofanya rimu za mbele za Mjerumani yeyote ziwe nyeusi hata kama mwenyewe ni msafi kama padri. Kuna organiki, laini, kimya, Wajapani wanazipenda kwenye magari ya familia. Na seramiki, ambayo kiukweli ni ndugu wa tumbo moja na organiki, ila ndani kuna nyuzi za seramiki na madini mengine, si za chuma. Vumbi lake ni kidogo, la kijivu cheupe, jepesi, halishiki. Msichanganye na zile diski za kaboni-seramiki za magari ya bei ya nyumba, hayo mambo mengine.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba weusi ule si pedi peke yake. Pedi ya kukwangua inakula diski, diski ni chuma cha kalibu, ule unga wake unaruka ukiwa wa moto, unatua kwenye rimu, unapata kutu palepale, ndiyo maana ukiacha wiki tatu unaona vidoa vya kahawia ambavyo sabuni haiviondoi. Seramiki yenyewe inafanya kazi kwa namna nyingine, inapaka utando mwembamba juu ya diski halafu pedi inashikana na utando wake yenyewe. Diski inaliwa taratibu. Kwa hiyo ukiipata inayokufaa unaokoa rimu na diski pamoja.

Ukishika pedi mkononi, tafuta herufi mbili pembeni au mgongoni mwa bamba. Mfano FF, au GF, au EE. Ya kwanza ni jinsi inavyoshika kwenye joto la kawaida, ya pili ikishapata moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa STI mimi nisingeshuka chini ya FF. EE waachie wenye Vitz. Ila usiziabudu hizo herufi pia, ni kipimo cha kipande kidogo kwenye mashine, hazikwambii gari la tani moja na nusu likitoka 140 itakuwaje. Kama pedi ni ya soko la Ulaya tafuta pia alama ya E ndani ya duara na 90R, maana yake imepimwa isitofautiane na ya kiwandani kwa zaidi ya asilimia 15.

Na hii itakuokolea siku nzima ya kuzunguka madukani: pedi za Brembo za STI yako zina namba ya umbo, mbele D1001, nyuma D961. Umbo hilohilo linaingia kwenye Lancer Evo 8 na 9 na kwenye Nissan 350Z yenye Brembo. Ukiambiwa za Subaru hakuna, uliza za 350Z.

nyeupe_STI

@Kurasini_Tz nimecheka peke yangu mu biro, shefu akaniangalia. Aksanti ya D1001, hiyo hakuna mwenye alinipatia.

@Mekano_Katuba papa mekano, nimetoka inje na sumaku ya frigo ya bibi yangu mu sashe. Imeota ndevu kweli. Lakini ile ya kushoto na kuume... mbona sikuwaka naona. Mbele kuume ni nyeusi. Mbele kushoto ni NYEUSI. Nilipitisha kidole fasi moya pa kila janti nikapika foto, si mapacha, hata si ba ndugu. Na mi nilikuwa nafikiri ni juu kushoto njo iko upande wa mufereji wakati ya kupaki.

Motoka haivute upande, sivyo ingekuwa inavuta?

Mekano_Katuba

Haivute daima. Ikikwama kidogo unaizoea, mukono yako inarudisha volan bila weye kujua.

Fanya hivi. Tembea robo saa bila kupika freni mingi, simama pole pole, shuka, karibisha kiganja ku janti zote mbili za mbele, USIGUSE DISIKI, karibisha tu. Kama ya kushoto inapumua moto kuliko ingine basi. Kisha kesho ikiwa baridi inua na kriki, weka kigingi, zungusha pine na mukono. Ikiwa nzito, fungula kidogo ile vise (skrubu) ya kutosha hewa pa etriye. Likidi ya freni ikiruka na pine ikawa nyepesi, mapresho ilikuwa imefungiwa, angalia fleksibo (mupira wa kupitisha likidi), ndani inavimbaka inakuwa kama mulango wa kuingia bila wa kutoka. Ikibakia nzito vile vile, ni pisto ao plakete imeganda pa misumari yake. Brembo yako haina ile misumari ya kuteleza kama Corolla, etriye imesimama fasi moya, kwa hiyo usipoteze wakati kuzitafuta.

mutoto_ya_Bagira

Salaam ndugu zangu wa Lushi. Mimi ni wa Bukavu na minataka kuonya kidogo kuhusu hizi seramiki, juu huko kwenu ni tambarare, munaongea freni kama batu benye hawajaonaka mulima.

2019 nilikuwa na Mark X, nikaweka seramiki, kweli janti ilikuwa safi, nilifurahi miezi mitatu. Njo siku moya nateremuka Ngomo kwenda Kamanyola, tuko batu ine na mizigo, kona baada ya kona, niko kwa freni karibu wakati wote. Mwanzo iko muzuri. Katikati pedali inaanza kuwa laini. Kisha inaingia chini, chini, kama unakanyaga ugali. Shemeji alikuwa anaimba, akanyamaza. Nilishuka vitesi mpaka ya kwanza motere inalia, nikapitisha magurudumu ya kuume kwa ile udongo ya kandokando mpaka ikasimama. Tulikaa pale karibu saa nzima, hakuna mwenye alisema neno, harufu tu. Tangu pale niliapa seramiki hapana tena, mavumbi na ikuje.

Mekano_Katuba

Pole sana ndugu, na Mungu alibachunga. Lakini nikuulize, pedali iliingia chini laini, ao ilibakia ngumu na motoka haisimame?

mutoto_ya_Bagira

Laini mukubwa. Ugali nakuambia.

Mekano_Katuba

Basi ile si plakete. Plakete ikichoka na moto, pedali inabakia ngumu kama jiwe, unakanyaga na miguu mbili, motoka inateleza tu. Pedali ya ugali ni likidi imechemka, imekuwa mvuke, na mvuke inabanyika. Likidi ya DOT 4 mupya inachemka ku digri 230, lakini ile likidi inakunywaka maji pole pole kupitia hewa na fleksibo, ikishakunywa, kipimo chake kinashuka mpaka 155. DOT 3 iko chini zaidi, 205 mupya na 140 ya zamani. Mara ya mwisho kubadirisha likidi ilikuwa lini?

mutoto_ya_Bagira

...

Kubadirisha? Nilikuwaka naongeza tu.

Aba. Miaka yote niko nachongea seramiki kwa batu.

Kurasini_Tz

Hahaha pole kaka. Ila kwa haki yake, na yeye ana hoja. Seramiki ya barabarani ukiisukuma kwenye mteremko mrefu itachoka kabla ya semi-metaliki, huo ni ukweli, na vilevile inapitisha moto kidogo kwenda kwenye bamba kwa hiyo moto mwingi unabaki kwa diski. Ningekuwa naishi Bukavu na gari la farasi 300 ningechagua pedi ya katikati, nikaosha rimu kila Jumamosi nikashukuru. Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 bila mteremko wa kutisha, hapo seramiki nzuri inatosha. Inatosha kwa Kiswahili changu.

Kasumba_bizne

Ile ya majani matatu pa kartoni ni nini? Niko na carton moya hapa kuko picha ya majani, nimefikiriaka ni ya mazingira ao ni bangi

Kurasini_Tz

Ni alama ya shaba, mkuu. Marekani, jimbo la Washington na California, walipitisha sheria 2010 za kupunguza shaba kwenye pedi, kwa sababu zamani shaba ilikuwa inatiwa nyingi, inasaidia kusambaza joto, halafu unga wake unaoshwa na mvua mpaka mitoni unaharibu samaki, hasa salmoni, pua zao zinakufa hawasikii tena harufu ya adui. Jani moja lililojazwa rangi ni kiwango A, mawili B, shaba chini ya asilimia 5, matatu N, chini ya asilimia 0.5.

Mekano_Katuba

Sikieni hii. Sisi hapa jimbo lote liliitwaka Shaba, bankambo betu baliitwa bakula mukuba (shaba), bintu yetu yote ni mukuba, kamyo zinatujalia njia na mukuba. Sisi tunatosha mukuba mu udongo, bo banatosha mukuba mu plakete.

Lakini zenye majani matatu nimeshaziweka mingi, zinasimamisha muzuri. Usiogope jani.

nyeupe_STI

Habari ya mwisho wa juma, muikale chini.

Robo saa ya kutembea, kiganja: kuume vuguvugu, kushoto nilitosha mukono haraka. Leo asubui tuliinua na mudogo yangu. Kuume pine inazunguka mara mbili na nusu ukiisukuma. Kushoto nusu, inasimama, kwiii. Nikafungula vise ya hewa, likidi ikatoka (rangi ya chai bila maziwa, haya ile), pine bado nzito. Kwa hiyo si fleksibo.

Tukatosha ile misumari mbili, moya ilitoka na nyundo. Plakete ya inje ilibakia na milimetri 8 hivi. Ya ndani TATU. Ndani mule kipira ya kuchunga pisto ya juu ilikuwa imepasuka, na udongo nyekundu ya kwetu ilishaingia ikakauka kuzunguka pisto kama tofali ya kuchoma, tuliitosha na kijiti vipande vipande. Ile pisto ikienda haikuwa inarudi. Ndiyo kusema minatembea na freni ya mukono ya pembeni moya miezi sijue ngapi, na mafuta niliyokuwa nalalamika ya kuisha haraka, kumbe.

Tena nikatosha ya kuume kwa kulinganisha, iko sawa, ya ndani 8, ya inje 8. Papa mekano ulijua hata bila kuona. Sasa nifanye nini ya kwanza?

Mekano_Katuba

Sasa njo tunaongea.

Tafuta kit ya vipira vya Brembo ya pisto ine, ufanye pande zote mbili hata kama kuume iko muzuri, mwenzake alizaliwa siku moya. Pisto ukikuta imetobolewa na kutu usiisugue na papye (msasa), badirisha. Ukirudisha, paka likidi ya freni mupya ao mafuta ya silikoni ya freni yenyewe. USIPAKE vazelini, usipake grisi ya ruleman, bile bintu ya petroli inavimbisha vipira na mwezi moya uko hapa tena unalia. Nimeona batu bazima banapaka vazelini.

Usipulize na kompresa mule ndani. Maji na kitambaa. Ile mavumbi si ya kuvuta na pua, na plakete ya bure bure hakuna mwenye anajua kama ndani kuko amiyanti (asbesto).

Disiki pima unene, kipimo cha chini kimechongwa pembeni yake. Kama bado iko juu, sugua sura yake na papye mpaka ile rangi ya plakete ya zamani itoke, juu seramiki inataka kupaka utando yake fasi safi, ukiiweka juu ya masalio ya ile ya bluu itatetemeka na utasema plakete ni mubaya. Likidi tosha yote, weka DOT 4. Na weka aina moya mbele na nyuma, musiniletee mbele seramiki nyuma ya sirkwi, motoka itaanza kuvunja kiuno mu mvua.

Ukimaliza, pasha. Njia ya Kipushi mapema kabisa, mbele ya batu kuamka. Kutoka 100 mpaka 20, freni ya kiasi, si ya kushtuka, mara kumi, usisimame kabisa hata mara moya. Kisha tembea dakika kumi bila kugusa pedali ipoe. Ukisimama na mguu pa pedali ikiwa moto, plakete inapika alama pa disiki kama pasi pa shati.

nyeupe_STI

Nimeelewa. Plakete nimeagiza seramiki ya Marekani, FF, majani matatu, D1001 na D961, dola 190 zote bila usafiri. Jina sitaje juu mutasema nimelipwa. Kit ya vipira inatoka Zambia kupitia mutu ya kazi.

mutoto_ya_Bagira

Na ile vitu vya kuweka mbele ya disiki, sahani ya kuzuia mavumbi kufikia janti? Niliona mutu nayo.

Mekano_Katuba

Hapana. Ile inazuia mavumbi na inazuia hewa. Disiki inapumulia pale.

nyeupe_STI

Nimerudi, ni wiki saba.

Vipira pande mbili, likidi, plakete, Kipushi saa kumi na moya asubui, mara kumi kama ulisema, mbwa moya tu njo alituona. Harufu ilikuwa ya kutisha kidogo mara ya saba, kisha ikaisha.

Mbuzi amenyamaza. Kabisa. Bibi yangu aliingia mu motoka akauliza kama redio imeharibika.

Kwa kushika, niseme kweli: ile ya bluu ikishapata moto ilikuwa inakutupa pa kioo. Hii haifanye vile, inataka ukanyage na maana, pedali iko kidogo ya mbao. Siku mbili za kwanza nilikuwa nasimama mbele zaidi kuliko nilivyotaka, kisha muguu ukajifunza. Asubui ya baridi lakini hii njo inashinda mbali, kanyago ya kwanza inashika, ya zamani kanyago tatu za kwanza zilikuwa ni maombi. Njia ya Likasi nimeenda mara tatu, nikajaribu kwa makusudi mara ine mfululizo kutoka 120, ya ine nilisikia inaanza kuomba ruhusa. Kwa kazi yangu inatosha (@Kurasini_Tz, ya kwako). Na petroli imerudi vile ilikuwaka, ile sikuhesabu mu bei.

Mavumbi nyeusi: juma mbili bila kunawisha, nikapitisha kidole, kijivu kidogo tu, maji ya ndoo inaitosha. Kushoto na kuume ni mapacha sasa. Batoto ya kunawisha banaomba tena elfu tano tu.

Isipokuwa tumeingia mwezi wa saba na janti ni nyekundu.

Kurasini_Tz

Sumaku je?

nyeupe_STI

Haishike kitu. Bibi ameirudisha pa frigo.

mutoto_ya_Bagira

Mukubwa Mekano, mi niko na swali langu bado. Nikibadirisha likidi sasa, Mark X ya 2005, lita ngapi? Na ile ya zamani yenye nilikuwaka naongezea ilikuwa DOT 3, inaweza kuchanganyika?

Mekano_Katuba

Lita moya inatosha na kubakia. DOT 3 na 4 zinachanganyika bila kuharibu, lakini weye tosha yote, anza na pine ya mbali na masta (pampu ya freni), endelea mpaka itoke rangi ya bia. Ile yako minadhani ni kahawa.